Aliyesalimu Ndiye Aliyeona

Somo: Ruthu 2:1–16



Boazi anafika shambani akitokea Bethlehemu. Ni mavuno ya shayiri, na mwenye shamba ana mengi ya kukagua. Lakini kabla ya kuuliza lolote kuhusu kazi, anawasalimu wavunaji kwa jina la Bwana, nao wanamwitikia kwa baraka. Ndipo anamwona mgeni anayeokota masazo, na kuuliza ni wa nani.

Aliyesalimu ndiye aliyeona. Wakati wa chakula, mgeni huyo, Ruthu Mmoabi, ameketi pamoja na wavunaji, anachovya tonge katika siki, anakula na kubakiza.

Sisi tumelelewa kwa hodi, umeamkaje, habari za nyumbani. Siku hizi tunapanda daladala tumeinamia simu. Tunanunua vitumbua kwa mama yule yule mwaka mzima, na jina lake hatulijui. Tunadhani tukimsemesha aliyeketi kando yetu tutamkera. Huko Chicago, watafiti Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwaomba baadhi ya abiria wa treni wazungumze na mtu wasiyemjua, na wengine wakae kimya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: waliozungumza waliifurahia safari kuliko walionyamaza. Abiria walioombwa kukisia tu, walikisia kinyume chake.

Mkumbukeni pia Naomi, mama mkwe wa Ruthu. Alirudi Bethlehemu akisema amerudi mtupu, hataki hata kuitwa kwa jina lake. Furaha yake haikurudi kwa siku moja. Ilirudi kidogo kidogo, kwa shayiri aliyoletewa jioni na mkwewe, kwa maongezi ya wawili hao nyumbani, hata siku alipompakata mtoto wa Ruthu na wanawake majirani wakampa mtoto huyo jina, Obedi. Majirani hao hawatajwi majina. Lakini jina walilotoa limo katika ukoo wa Yesu.

La kufanya juma hili: chagua mtu mmoja unayempita kila siku, awe mlinzi wa getini, kondakta au mama wa vitumbua. Muulize jina lake. Kesho yake, msalimu kwa jina hilo.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyeketi kisimani ukaanza mazungumzo kwa kuomba maji, fungua midomo yetu tusalimiane, na macho yetu tuonane. Amina.