RUPIA YA BIBI: ULINUNUA AU ULIIBA?

Labda wewe ni mmoja wa wanaozunguka vijiji vya Songea wakitafuta hela za Mjerumani. Unaijua heller yenye tundu (ndiko lilikotoka neno letu “hela”), unaijua rupia ya fedha yenye Kaisari Wilhelm na kofia yake ya tai, na usiku unaiota ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916. Kutafuta sio dhambi. Hata yule mama wa Luka 15 alifagia nyumba nzima kwa shilingi moja!

Lakini bibi alipofungua kitambaa akakuonyesha rupia, ulisemaje? “Bibi, hii siku hizi haina kazi.” Ukampa ya sukari, ukaenda kuuza mara kumi.

Eti alikubali mwenyewe! Ndio, alikubali, maana ulimdanganya. Angejua unachojua wewe, angekubali? Mnunuzi wa namna yako ameandikwa zamani, soma Mithali 20:14.

Tena rupia hizo zilikuwa jasho. Kuanzia 1898 Mjerumani alidai kodi ya nyumba, wazee wetu wakahangaika kuzipata. Na wewe ukaja kumpunja mjukuu wao.

Zakayo, mtoza ushuru, hakuishia kufurahi na Yesu mezani. Alisema atarudisha mara nne (Luka 19:8).

Umeokoka jana uwanjani? Haleluya! Kesho panda gari la asubuhi. Nyumba ya bibi unaijua.