Haki Hudaiwa Lini?

Swali lililoletwa mbele ya darasa letu ni hili: watu wakiwa na haki ya kuulizwa kama wataka kujitawala wenyewe, je, yafaa kuwaambia wangoje? Na mwenye kuwaambia hivyo awe nani, na wangoje mpaka lini? Baadhi ya wenzetu walisema upesi kuwa haki haina saa; ikithibiti imethibiti, na asemaye "ngojeni kidogo" ni mshirika wa dhalimu ajapojifanya mwenye busara. Wengine wakasema kuwa siasa yote ni wakati, na mwenye kuidai haki yake siku mbaya ni kama mwenye kupanda mbegu wakati wa kaskazi kavu: asimlaumu mtu ila nafsi yake.

Kauli zote mbili ni nyepesi kuzisema. Twataka kuzipima kwa jambo lililotokea kweli, nalo ni kura ya maoni waliyoipiga Wakurdi wa Iraki tarehe 25 Septemba 2017. Tumelichagua kwa kuwa waliodai, wengi wao, ni ndugu zetu katika dini, na waliowakatalia, wengi wao, ni ndugu zetu katika dini pia. Basi hatuna pa kukimbilia tukasema kuwa haya ni mambo ya watu wengine.

Kwanza tuondoe kosa moja la fahamu. Kuwa na haki na kuidai haki si jambo moja. Aliyemkopesha mwenziwe fedha, fedha hizo ni zake usiku na mchana. Walakini sharia haikumpa ruhusa ya kumkaba koo mdaiwa saa yoyote apendayo. Qur'ani imetuamrisha kumpa nafasi mdaiwa aliye katika dhiki, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye uwezo akimzungusha mdai wake huwa amedhulumu. Mafundisho haya mawili hayana budi kusomwa pamoja. Kungoja huwa wema au huwa dhulma kwa kutazama hali ya mdaiwa: je, hawezi, au hataki? Tena katika Suratul Baqara tumeamrishwa kuliandika deni la muda, na muda wenyewe utajwe. Haikutosha kuandika kiasi cha mali. Hekima ya amri hiyo yajulikana na kila aliyepata kuuza dukani kwa mkopo: deni lisilotajiwa siku hulipwa siku aipendayo mdaiwa, na siku hiyo haina haraka ya kufika.

Sasa, Wakurdi walikuwa wakidai nini? Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mkataba wa Sèvres wa tarehe 10 Agosti 1920 uliwatajia muda. Kifungu chake cha 64 kilisema kuwa ndani ya mwaka mmoja tangu mkataba kuanza kutumika, wakiidhihirishia Ligi ya Mataifa kwamba walio wengi kwao wataka kujitenga na Uturuki, na Ligi ikiwaona kuwa wanastahiki, basi Uturuki itawaachia. Mkataba ule haukutekelezwa. Mwaka 1923 ukaandikwa mwengine huko Lausanne, na ndani yake jina la Wakurdi halikutajwa kabisa. Wakajikuta wamegawanywa baina ya Uturuki, Iran, Iraki na Syria, bila ya kuulizwa na yeyote.

Yaliyowafika katika Iraki ni mazito kuyasimulia. Mwaka 1988 serikali ya Saddam Hussein iliwaendeshea mashambulizi iliyoyaita Anfal. Wakachukua jina la sura ya Kitabu kitukufu wakalibandika juu ya kazi ya kuchoma vijiji na kuzika watu kwa makundi. Tarehe 16 Machi mwaka huo ndege ziliumwagia mji wa Halabja sumu ya hewa, wakafa kiasi cha watu 5,000. Sauti za kulaani kutoka katika nchi za Kiislamu zilikuwa chache, nasi tulio Waislamu hatupendi kukumbushwa hilo.

Baada ya Saddam kuanguka, ikaandikwa katiba mpya mwaka 2005. Kifungu chake cha 140 kiliagiza watu wahesabiwe, kisha ipigwe kura ya maoni katika Kirkuk na sehemu nyengine zinazogombaniwa, ili wenyeji waseme wataka kuwa upande upi. Na kazi yote iwe imekwisha kabla ya tarehe 31 Desemba 2007. Hili lilikuwa deni lililoandikwa kama inavyopasa: kitu chake chajulikana, mashahidi wake wajulikana, na siku yake imetajwa. Siku ikafika, ikapita, na kura haikupigwa. Mwaka 2014 Baghdad ikakata fungu la fedha la jimbo la Wakurdi kwa ugomvi wa mafuta. Mwaka huo huo likazuka kundi la Daesh, jeshi la Iraki likaikimbia Kirkuk, na askari wa Kikurdi, Peshmerga, wakaingia wakaulinda mji. Walizika watu wengi katika vita hivyo.

Ilipofika Juni 2017, Masoud Barzani na baadhi ya vyama vya Kikurdi wakatangaza siku ya kura. Hoja yao haikuwa nyonge. Walisema: tumengoja tangu 1920, na kila tulipouliza tuliambiwa wakati haujafika, tukiwa dhaifu twaambiwa hatuna nguvu ya kujitawala, na tukiwa na nguvu twaambiwa tusivuruge amani. Mwenye insafu hawezi kuyasikia maneno haya akayapuuza.

Lakini walikuwako Wakurdi waliokataa, nao si kwa kuuchukia uhuru. Khasa katika upande wa Sulaymaniyah watu walifanya kampeni ya kusema "La, kwa sasa." Walitaja kwamba muda wa uraisi wa Barzani ulikwisha Agosti 2015, kwamba bunge la jimbo lilifungwa tangu Oktoba mwaka huo, likafunguliwa siku kumi tu kabla ya kura ili liibariki, na wapinzani wakasusia, na kwamba waalimu na watumishi walikuwa wakipewa mishahara nusu nusu. Waliuliza: anayetuuliza leo kuhusu muda wa dola, mbona hakuuheshimu muda wake mwenyewe? Nasi twaona swali hili halikupata jawabu. Mwenye kuwauliza watu jambo zito kama hili apaswa kuwa amesimama mahali palipo safi, kwani muda wa swali ukichaguliwa na mtu mmoja kwa maslaha ya kiti chake, hata jawabu la haki huingia doa.

Nao wakubwa wa nje, Marekani na Uingereza, walimwambia aiahirishe. Mjumbe wa Umoja wa Mataifa akaleta shauri la mazungumzo na Baghdad yatakayokwisha katika miaka miwili au mitatu. Barzani akakataa, akisema kuwa hakuna dhamana iliyo thabiti.

Wako wanaotaja hapa Hudaibiya, nasi twaikubali dalili hiyo, ila itajwe yote. Mwaka wa sita wa Hijra Mtume (s.a.w.) alitoka na masahaba kiasi cha 1,400 kwenda kufanya Umra. Haki ya kuizuru Al-Kaaba ilikuwa yao bila ya shaka. Makureshi wakawazuia, ukaandikwa mkataba kuwa warudi, waje mwaka ujao wakae siku tatu. Masahaba waliona uzito mkubwa. Sayyidna Umar (r.a.) aliuliza kwa uchungu kwa nini wakubali unyonge na ilhali wako juu ya haki. Hata walipoamriwa wachinje na wanyoe hawakuinuka, mpaka Bibi Ummu Salama (r.a.) alipomshauri Mtume atoke aanze yeye mwenyewe. Basi kuahirisha haki si usaliti kwa kila hali. Mbora wa viumbe ameahirisha.

Lakini aliahirisha nini, na kwa masharti gani? Siku ilitajwa: mwaka ujao. Waliotia ahadi walikuwa ndio wenye mji, si watu wa mbali wasioweza kuufungua mlango. Na mwaka wa saba ulipofika, Makureshi waliutoka mji na Waislamu wakaingia. Mwenye kuitaja Hudaibiya ili kuwanyamazisha wanyonge, naye hakuleta siku wala dhamana, ametwaa nusu ya kisa iliyo rahisi kwake.

Kisha yuko Abu Jandal. Wino wa mkataba haujakauka alipokuja akiburuta minyororo, akiomba asirudishwe kwa waliokuwa wakimtesa, naye akarudishwa. Jambo hili ndilo wanaloliruka wengi katika wenye kuhubiri subira. Kila ahirisho lina mtu wake anayelipa bei, na mara nyingi si yule aliyetia sahihi. Mtume alimjua Abu Jandal kwa jina, akamtazama usoni, akamwambia Mwenyezi Mungu atamfanyia faraja. Je, wale wajumbe waliowaambia Wakurdi wangoje miaka mitatu, walijua ni nani atakayekaa bila mshahara na ni nani atakayelala mpakani katika miaka hiyo?

Kura ikapigwa. Walioshiriki walikuwa kiasi cha 72 katika kila mia, na waliosema ndiyo 92.7 katika mia. Tarehe 29 Septemba Baghdad ikazuia ndege za nje kushuka Erbil na Sulaymaniyah, na kizuizi hicho kikadumu mpaka Machi 2018. Tarehe 16 Oktoba jeshi la Iraki likaichukua Kirkuk kwa siku moja, na visima vya mafuta pamoja nayo. Maelfu ya watu wakayahama majumba yao. Tarehe 1 Novemba Barzani akaacha uraisi, na tarehe 20 mwezi huo Mahakama Kuu ya Shirikisho ikaihukumu kura kuwa ni kinyume cha katiba.

Maulamaa wa fikihi wana kaida mashuhuri kuwa kuondoa madhara hutangulizwa kuliko kuleta manufaa. Kwa kaida hii twaona kuwa kura ya 2017 ilikuwa haifai kupigwa siku ile. Hatusemi hivi kwa kuwa walishindwa, kwani kushindwa si dalili ya kukosa. Twasema hivi kwa sababu madhara yalionekana kabla: Uturuki, Iran na Baghdad wote walikwisha kutangaza upinzani, na hakuna dola kubwa iliyoahidi kusimama nao. Twasema hivi pia kwa sababu ya Kirkuk. Mji ule una Wakurdi, Waarabu na Waturkmeni, na hukumu yake ilikuwa bado haijakatwa. Kuutia ndani ya kura ni kama mshirika kuliuza shamba la shirika kwa kuwa siku hiyo ufunguo uko mkononi mwake. Lau wangaliuliza katika majimbo yao matatu yasiyogombaniwa peke yake, hoja yao ingalikuwa safi zaidi, na adui angalikosa kisingizio chake kikubwa.

Walakini hukumu hii isiwe pazia la kumfichia mdaiwa. Aliyekataa kulipa mwaka 2007 ndiye aliyemfundisha mdai kujichukulia kwa mkono wake mwaka 2017. Twashangazwa na wenye kuhesabu haraka ya Wakurdi kwa majuma, na kuusahau uzito wa Baghdad uliopimwa kwa miaka kumi.

Wala sisi wa Kenya tusijifanye watazamaji. Oktoba 1962 Waingereza walituma tume katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwauliza watu wake, wengi wao Wasomali na Waislamu, wataka nini. Tume ikaandika kuwa Wasomali karibu wote wataka kuungana na Somalia. Machi 1963 serikali ya Uingereza ikaamua kinyume chake, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea mpaka 1967. Hapa haikuwa kuchelewesha swali, ilikuwa kuuliza na masikio yamekwisha kuzibwa. Mtu aweza kubishana kama jawabu lao lilikuwa na maslaha kwao au halikuwa. Lakini kumuuliza mtu jambo usilokusudia kulisikiliza ni namna ya uwongo, na twaiona mbaya kuliko kumwambia angoje.

Ikiulizwa ahirisho lililo halali lafananaje, tutazame Scotland. Oktoba 2012 serikali ya London na ya Edinburgh ziliandikiana kuwa kura ya kujitawala ipigwe kabla ya mwisho wa 2014. Ilipigwa tarehe 18 Septemba 2014, wakashinda waliokataa kwa 55 katika mia, na hapana aliyemwagwa damu yake. Miaka minane baadaye Mahakama Kuu ya Uingereza ikahukumu kuwa Scotland haiwezi kuuliza tena bila ya ruhusa ya London, na ugomvi wa siku ukaanza upya. Kwani mkataba ule uliandika siku ya swali la kwanza, haukuandika lolote juu ya la pili.

Ama Kirkuk, mnamo Julai 2019 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Iraki ilihukumu kuwa kifungu cha 140 kingali na nguvu mpaka makusudio yake yatimizwe. Deni basi limekubaliwa na kadhi wa mdaiwa mwenyewe. Kilichobaki ni siku.