Maoni Yetu ni ya Nani?

Wengi wetu tumepata kukaa barazani Matemwe saa za jioni, ngalawa zimekwisha rudi kutoka upande wa Mnemba na akina mama wamekwisha anika mwani wao. Hapo husemwa kila jambo. Siasa huzungumzwa, tamthilia ya jana hukosolewa, na vijana pembeni wameinamia simu zao wakicheza mpira wa kwenye kioo. Mambo haya matatu yafaa tuyatazame pamoja, kwa kuwa mtu yule yule huyapima kwa mizani tatu mbali mbali.

Tuanze na tamthilia. Unguja ilipata televisheni ya rangi miaka ya mwanzo ya 1970, na Bara ilingoja mpaka 1994, basi si ajabu watazamaji wa huku kuwa wakali. Mwigizaji akitoka nyumbani na kanzu nyeupe akafika sokoni na ya kijivu, watu wote hupiga kelele. Mbona hakumwambia mkewe? Fedha zile kazipata wapi? Wala hakuna anayekasirika. Lakini yule yule aliyeuliza "mbona" akisema kwamba chama fulani ndicho kilichopandisha bei ya mchele, nawe ukamwuliza, "Umejuaje?", uso wake hubadilika. Swali ni lile lile, ila sasa limekuwa tusi.

Twadhani sababu ni kwamba ndani ya tamthilia hatuna ndugu. Maoni ya siasa kwetu yamekuwa kama ukoo. Katika uchaguzi wa 1995 washindani wa urais wa Zanzibar walipitana kwa chini ya asilimia moja ya kura, na baada yake, Pemba hasa, watu walisusiana madukani, katika gari za abiria, hata mazikoni. Aliyesusiwa maziko hakuulizwa hoja zake ni zipi. Ilitosha kujulikana yuko upande gani.

Lipo na kosa la pili, nalo ni la wenye akili kali. Katika tamthilia kila kitu kina aliyekipanga. Mzee akikohoa sehemu ya kwanza, sehemu ya tano atazikwa, maana mtungaji hapotezi kikohozi bure. Tukizoea hivyo, twataka na dunia iwe hivyo. Desemba 2009 umeme ulizimika Unguja nzima, na giza likadumu mpaka Machi 2010. Barazani watungaji hawakukosekana: huyu asema tumekomolewa, yule asema wakubwa wanauza majenereta. Kumbe waya wa chini ya bahari ulikuwa na umri wa karibu miaka 30, na tangu 2008 ulikwisha kutuonya kwa kutuzimia. Mpya ulikuja kuzinduliwa 2013 kwa msaada wa Marekani. Mbona haukubadilishwa mapema? Hilo lilikuwa swali la haki kabisa, lakini hatukulisikia sana, kwa kuwa halina jambazi ndani yake.

Sasa vijana. Mmoja wao alinunua kwa mwenziwe akaunti ya mchezo, yenye wachezaji hodari na ushindi mwingi uliokwisha andikwa. Wenziwe wakamcheka: ushindi huo si wako. Akajibu kwamba amelipa. Baada ya siku chache muuzaji, aliyekuwa bado analijua neno la siri, akaichukua tena akaunti yake. Kwa maoni yetu vijana wale walikuwa wakijadili jambo zito kuliko wazee wa baraza.

Maana maoni mangapi tunayoyatetea kwa jasho ni akaunti za namna hiyo, na neno la siri analo mtu mwingine? Viongozi walipatana Novemba 2009, na katika kura ya maoni ya 31 Julai 2010 karibu theluthi mbili ya waliopiga kura walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Lilikuwa jambo jema. Lakini wako waliobaki mikono mitupu: jana walifundishwa kuchukia, leo wameambiwa basi, na hawakupewa sababu ya hili wala ya lile.

Mtu atatujibu kwamba mkulima wa mwani, anayeufuata maji kupwa, hana nafasi ya kuchunguza kila jambo; sharti amwamini mtu. Ni kweli. Nasi twamwamini nahodha. Lakini nahodha twazijua safari zake, na siku akitupandisha mwambani hatuoni haya kumwuliza ilikuwaje.

Yuko bibi mmoja pale pwani ambaye akiletewa habari ya siasa huuliza maneno mawili tu: nani kakwambia, na yeye alikuwapo? La kwanza hujibiwa upesi. La pili, mpaka maji yajaa, mara nyingi bado analingojea.