Betri si yangu, moto ni wetu

Pikipiki yangu ya umeme nimeinunua kwa mkopo, lakini betri yake sikuuziwa. Kwa mujibu wa mkataba niliotia sahihi nikiwa nimesimama, kalamu ya kuazima mkononi, betri ni mali ya kampuni. Mimi nalipia tu kila ninapoibadilisha. Nafika kituoni, natoa iliyoisha, napewa iliyojaa, naondoka. Ndani ya Nairobi mambo ni sawa. Shida huanza nikibeba mteja hadi Tala, ambako kampuni yangu haina kituo. Chaji ikiisha huko, kazi ni kusukuma.

Ndiyo maana nilimwendea fundi mmoja Kayole. Betri hizi zina kifaa cha kielektroniki ndani kinachoitambua chaja ya kampuni, na chaja ngeni ikichomekwa, stima haipiti. Fundi alijua njia ya kukizunguka. Nikamlipa elfu nne. Kwa miezi miwili nikawa nachaji nyumbani usiku, betri ikiwa chini ya meza.

Sikujiona mwizi hata kidogo. Mtu akikuuzia jembe kisha akukataze kulinoa popote isipokuwa kwake, amekuuzia nini hasa? Deni la pikipiki ni langu, jua na mvua ni vyangu, lakini nikichelewesha malipo kampuni inaizima betri ikiwa ofisini, nami nibaki barabarani na mteja. Kama wao wana mkono ndani ya riziki yangu, mbona mimi nisitie wangu ndani ya betri yao?

Hoja hiyo naiona ina uzito hadi leo. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike nayo kikamilifu. Huko Ulaya, kanuni ya betri iliyopitishwa mwaka 2023 inataka kwamba kuanzia Februari 2027 betri za baiskeli za umeme ziweze kutolewa na kubadilishwa na fundi huru mwenye ujuzi. Kwa hiyo swali langu si la boda mkorofi peke yake.

Lakini usiku mmoja Mama Wambui, jirani yangu, aligonga mlango. "Baba Kevo, kuna kitu kinanuka kama plastiki inaungua. Ni kwako?"

Ilikuwa kwangu. Betri ilikuwa na joto la kutoshikika. Nikachomoa chaja, nikaikokota betri kwa blanketi hadi nje, tukasimama mbali tukiitazama, yeye akiwa na mtoto wa miezi saba mgongoni. Haikuwaka. Ilipopoa kulikuwa karibu kunakucha.

Baadaye fundi mwingine alinifafanulia. Seli nyingi za lithiamu hujaa kwenye volti 4.2. Ukizidi kuisukumia stima, huharibika ndani, huanza kujipasha joto yenyewe, na joto hilo huirukia seli ya pili, kisha ya tatu. Ikishawaka, ndoo ya maji haitoshi, na hata ukidhani imezimika inaweza kuwaka tena. Katika jiji la New York, mwaka 2023 pekee, watu 18 walikufa katika moto wa betri za lithiamu.

Tangu usiku ule nimegundua kosa la hoja yangu. Nilikuwa nikihesabu watu wawili, mimi na kampuni. Mkataba una sahihi mbili, ni kweli. Lakini ploti yetu ina vyumba kumi na viwili, kuta za mabati na geti moja. Mama Wambui hakutia sahihi popote. Pesa niliyookoa ilibaki mfukoni mwangu, ila hatari niliigawa mlango kwa mlango bila kuuliza mtu. Naweza kuwa na haki mbele ya kampuni na bado niwe na kosa mbele ya jirani.

Kampuni nayo isishangilie. Ikisema kufuli ni kwa ajili ya usalama, basi itueleze betri inahitaji chaja ya namna gani, ituuzie iliyopimwa, au ilete kituo kule tunakofanya kazi. Kumfungia mtu mlango kisha kumlaumu kwa kupitia dirishani si usalama. Ila mimi ndiye niliyepita dirishani, na chumba nilichoingia kina watoto wa watu.

Chaja niliirudisha. Fundi akacheka, "Boss, umeogopa kampuni?" Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Wateja wa Tala siku hizi nawaachia wenzangu wa petroli, na mwisho wa wiki naliona pengo.

Mama Wambui hajawahi kuniuliza habari za mkataba. Akisikia naingia usiku, huuliza tu kupitia ukutani, "Baba Kevo, hiyo betri inalala wapi?"

Namjibu, "Nje, mama."