Ushahidi wa Karatasi

Katika mahakama ya kadhi shahidi hasikilizwi kwa ufasaha wa ulimi wake wala kwa uzito wa mfuko wake. Huulizwa kwanza kama yu adili, na wale wamjuao huitwa wamtakase, kabla maneno yake hayajatiwa katika mizani ya hukumu. Tendo hilo mafakihi waliliita tazkia. Nililikumbuka siku moja nikiwa nimeketi juu ya benchi la zahanati, nikimtazama muuguzi akimchoma kidole mtoto aliyepakatwa na mamaye, akilivuta tone la damu na kulidondosha katika kidirisha cha kijisanduku cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole cha shahada, akiongeza maji ya dawa matone machache, kisha akitazama saa. Dakika kumi na tano. Ndani ya plastiki ile mlikuwa na ukanda mwembamba utokanao na selulosi, ndugu wa karatasi, na hukumu ya homa ya mtoto ilikuwa ikipanda juu yake polepole pamoja na damu.

Nikajiuliza: je, kitu chenye thamani duni namna ile chaweza kumpa mtu yakini, au masikini wanapewa dhana iliyovishwa kanzu ya elimu?

Duni, nasema, kwa bei. Maana kwa hekima ya utengenezaji hakuna udhalili. Mwaka 2007, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, George Whitesides na wenziwe walionyesha kuwa kipande cha karatasi ya kuchujia, mfano wa ile ijulikanayo na kila mwanafunzi wa kemia, kinaweza kufanywa maabara. Tabia ya karatasi ni kunywa maji kila upande bila adabu. Wao wakaitia adabu kwa kuijengea kuta zisizopitisha maji, hata maji yakawa hayana budi kufuata vijia walivyoviacha. Kuta za kwanza zilitaka kemikali za taabu na mwanga wa namna yake; kufika mwaka 2009 wakaona kuwa nta yatosha. Mashine hupiga chapa ya nta juu ya karatasi, karatasi huwekwa katika joto la nyuzi 150 kwa dakika mbili hivi, nta ikayeyuka, ikazama mpaka upande wa pili, ikapoa, na ukuta umesimama. Pampu haipo wala umeme hautakiwi katika kupima, kwa kuwa karatasi huyavuta maji kama utambi wa kandili uvutavyo mafuta. Mwisho wa kijia kimoja hukaushiwa vimeng'enya pamoja na iodidi ya potasiamu, na mkojo wenye sukari ukifika hapo pageuka kahawia; mwisho wa kijia kingine pana rangi ya manjano ambayo ikikutana na protini huwa buluu. Mikrolita 5 za mkojo, ambazo hazifikii hata tone moja, zatosha kwa kazi hiyo.

Matabibu wa kale waliiinua chupa ya mkojo kwenye nuru wakasoma rangi yake, na Ibn Sina katika Kanuni yake aliyapanga maana ya rangi hizo kwa urefu. Ila elimu ile ilikaa katika jicho la ustadhi, naye akifa jicho lilikwenda naye. Sioni kuwa elimu imeshuka daraja kwa kuhamia katika karatasi.

Wako wasemao kuwa rahisi huvunja upishi. Hao nawarudisha mahakamani, ambako neno la mvuvi halitupwi kwa sababu shati lake limechanika. Tena karatasi ile ya zahanati ina murua usioonekana kwa mashahidi wengi: huchora mistari miwili, mmoja wa ugonjwa na mmoja wa kujishuhudia yenyewe, na huu wa pili usipotokea maana yake ni, msinisikilize leo. Ningependa baadhi yetu tuwe na mstari kama huo kipajini. Hapa Tanzania wamepata kuonekana matabibu waliomwandikia mgonjwa dawa ya malaria huku kipimo kikikana, nao hawakuwa na mstari wowote wa kuwazuia.

Hata hivyo tazkia ile ni ya nusu. Mstari wa pili washuhudia kuwa maji yalipita na dawa ilikuwa hai. Haushuhudii kuwa mhalifu akipita atajulikana. Vipimo vingi vya malaria humtafuta mdudu kwa protini moja aitoayo, na huko Eritrea wamegunduliwa wadudu waliopoteza jeni ya protini hiyo, hata karatasi iliyo adili kabisa ikawa inaapa kuwa haikumwona mtu, kumbe mtu amepita akiwa amebadili kanzu. Ikalazimu nchi ile itafute vipimo vya namna nyingine.

Basi yakini hatukupewa. Tulichopewa ni kile mafakihi wakiitacho dhana iliyo ghalibu, nacho si kidogo: msafiri aliyefunikiwa na mawingu, asiyeona jua wala nyota, huijitahidia kibla kwa alama alizo nazo na kuelekea upande ulioshinda moyoni mwake, na sala yake husihi. Asichosamehewa ni kusimama na kusali bila ya kutafuta. Kwa miaka mingi kila homa ilipewa dawa ya malaria pasipo kutafutwa alama yoyote, nasi tukaita utabibu.

Muda ukatimia, na mstari ulikuwa mmoja.

“Hana malaria, mama,” akasema muuguzi.

“Na joto hili, dada? Jana usiku alikuwa anaungua.”

“Ndiyo tumtafute mwingine. Nataka nimsikilize kifua.”

Mama hakujibu. Akaomba akione. Muuguzi akamshikia kipimo kile penye mwanga wa dirisha, naye akakitazama kitambo, kisha akaanza kumfungua mwanawe vifungo vya shati.