Nia Njema, Chupa Chafu

Kila Septemba, mji mdogo wa Rockport katika pwani ya Texas hujaa ndege wavumaji. Afrika hawapo, huku kwetu kazi ya kufyonza maua ameishika chozi. Mvumaji mwenye koo jekundu, yule wa mashariki mwa Amerika, ana uzito wa gramu 3 hivi, na kabla ya kuvuka Ghuba ya Meksiko hula mpaka uzito huo unakaribia kuwa maradufu. Mbele yake kuna kilomita zipatazo 800 za maji matupu.

Wenyeji humtundikia chupa za maji ya sukari barazani. Lakini kama riziki ya ndege iko kwa Mola, wanavyofundishwa Waislamu na Wakristo, binadamu anaingilia nini? Hilo lina jibu jepesi: riziki hupitia mikononi mwa watu. Katika Uislamu, hata mti aliopanda mtu, ndege akila matunda yake, ni sadaka.

Swali zito ni la nia. Tumelelewa kuamini kwamba amali hupimwa kwa nia. Haya, mtazame msamaria anayetia asali kwa kuwa ni ya asili. Asali ikichanganywa na maji huota kuvu upesi, na kuvu humdhuru ndege. Mwingine hutia rangi nyekundu, ilhali chupa tayari ina maua mekundu ya plastiki. Kipimo ni kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, basi. Kwenye joto kali maji hayo huchacha kwa siku mbili tu, na weusi wa kuvu hujificha ndani ya vitundu vya kunywea, usionekane mpaka chupa ifunguliwe.

Mungu huenda akamlipa mtu kwa nia yake. Ndege hunywa kilichomo chupani.

Wapo pia wanaoishusha chupa mapema, wakihofia mgeni atanogewa asahau safari. Wanajipa ukubwa wasio nao: kinachomsukuma ni kufupika kwa mchana, na ataondoka hata sukari ikibaki, bila kuaga. Madume hutangulia, wengi wa wanaochelewa ni makinda wa mwaka huohuo, kila mmoja peke yake, katika njia asiyowahi kuiona. Kwa hiyo wazoefu huiacha chupa wiki mbili hivi baada ya kumwona wa mwisho, wakiiosha na kuijaza upya kwa ajili ya mchelewaji wa kutoka Kanada ambaye pengine hatapita. Sukari yenyewe si ghali. Kinachochosha ni kusugua.