Kufuta Mbele ya Mwenye Deni

Duka la mtaani kwetu lilikuwa na daftari la madeni. Mathe akinituma unga bila pesa, mwenye duka aliandika jina lake, kiasi na tarehe. Siku ya kulipa, aligeuza daftari nione, akapiga mstari juu ya lile deni. Daftari likijaa, kurasa zake zilifungiwa njugu. Sidhani aliwahi kukaa chini kuwaza kuhusu kusahau. Karatasi ilimfanyia hiyo kazi.

Nilipoacha chuo nikapata kibarua kwa kampuni moja ya kukopesha watu kwa simu. Nilipewa kazi ndogo: kuongeza kitufe cha "Futa akaunti yangu". Nikauliza, tunafuta kabisa? Msimamizi wangu akacheka. "Nani hufuta data siku hizi? Ongeza safu moja tu kwa jedwali. Ikisema ndiyo, mteja haonekani."

Wanaofanya hii kazi wananielewa. Jina halitoki, linafunikwa tu. Na kwa sababu kitufe lazima kijibu kitu, nikaandika ujumbe mimi mwenyewe: "Data yako imefutwa. Asante."

Mama mmoja alibonyeza, kisha akatuandikia hata baada ya kupata huo ujumbe, kuhakikisha tu: "Nimemaliza deni lenu. Sitaki jina langu likae huko tena." Akajibiwa kwamba yote yamefutwa. Miezi mitatu baadaye, watu wa mauzo wakataka orodha ya waliotoka, wawatumie ofa. Kuitoa kulinichukua kama dakika moja. Jina lake lilikuwa hapo, na namba, na kila siku aliyochelewa kulipa.

Kusema ukweli, hatukuanza hivi. Edgar Codd wa IBM alipochapisha wazo la kupanga data kwa majedwali, mwaka wa 1970, nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ghali sana. Waandishi wa programu wa enzi hizo waliandika mwaka kwa tarakimu mbili kuokoa nafasi, na ndiyo maana dunia ilishikwa na kiwewe mwaka 2000 ulipokaribia. Kukumbuka kulikuwa na bei. Sasa diski ni rahisi, na kufuta ndiko kazi: utafute kila jedwali, kila nakala ya akiba, uombe ripoti ya mtu isivunjike. Hata kwa PostgreSQL, ukitoa amri ya DELETE mstari hauondoki papo hapo. Unahesabiwa maiti, unangoja kusafishwa baadaye.

Kwa hivyo kusahau, kulikokuwa kukija kwenyewe, sasa ni uamuzi wa mtu. Na asipoamua, pia ameamua.

Swali ni hili: ni kosa kumkumbuka mtu aliyeomba asahaulike? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kuomba data yake ifutwe pale ambapo mwenye kuitunza hana ruhusa tena ya kukaa nayo. Lakini sheria hazitoshi kujibu, kwa sababu rekodi nyingine za pesa lazima zitunzwe kwa muda, na hapo ndipo kila kampuni hujificha.

Na usiniambie kusahau ni wema kila mara. Hapa Kenya tunajua faili hupotea. Mtu anafuatilia shamba la babu yake miaka na miaka, anaambiwa rudi kesho, faili haionekani. Huko, kusahau ni wizi. "Yaliyopita si ndwele" ni methali tamu, lakini angalia ni nani anaipenda zaidi: mara nyingi ni aliyekosea, si aliyekosewa.

Nimezunguka na hili jambo hadi nikarudi kwa daftari. Mwenye duka hakuwa mtakatifu. Alikumbuka deni vizuri sana, hata kwa sauti mbele ya wateja wengine. Lakini alipofuta, nilikuwa nimesimama pale. Faili iliyopotezwa na jina lililofunikwa ni dhambi moja: mwenye ufunguo anaamua peke yake gizani, halafu anakuambia kitu kingine.

Kwa hivyo kosa langu halikuwa ile safu. Lilikuwa ile sentensi. Ningeweza kuandika: "Hatujakufuta, tumekuficha. Rekodi ya malipo tutakaa nayo kwa muda kwa sababu ya sheria." Pengine yule mama angekasirika, lakini angejua amesimama wapi. Hakuna aliyenilazimisha kudanganya. Nilijiambia ni kitufe tu. Na ninyi mnaoandika programu, nendeni mkasome ile meseji ndogo inayotokea baada ya mtu kubonyeza. Kuna mtu ataiamini.

Kuna kitu sijasema. Ile kazi niliifanyia nyumbani, na nilipewa nakala ya data ya wateja halisi ya kujaribia. Kazi ikaisha, nakala ikabaki kwa kompyuta yangu karibu miaka miwili, karibu na nyimbo na CV yangu. Nilipoanza kuandika haya ndipo nikaikumbuka. Nimeifuta juzi usiku.

Lakini hukuwa hapo ukiona. Itabidi uniamini, vile yule mama aliniamini.